Malkia alipotolewa kafara: Pambano la sataranji lililomtambulisha Bobby Fischer

JUMATANO ya Oktoba 17, 1956, mvulana mwenye umri wa miaka 13 aliketi mbele ya ubao wa sataranji katika Klabu ya Marshall, jijini New York, Marekani. Alikuwa na kete nyeusi. Mpinzani wake alikuwa Donald Byrne, mtu mzima wa miaka 26 aliyekuwa ametwaa ubingwa wa mashindano ya wazi ya Marekani mwaka 1953.

Kwa hesabu za kawaida, pambano hilo halikustahili kukumbukwa hata wiki moja baadaye. Mvulana huyo, Robert James Fischer, maarufu kama Bobby, hakuwa akiwania nafasi ya kwanza, na wala Byrne hakuwa bingwa wa dunia. Lakini kabla mwaka haujaisha, mchambuzi mzaliwa wa Vienna, Hans Kmoch, aliliandika pambano hilo katika jarida la Chess Review na kuliita "Pambano la Karne". Jina hilo halijabanduka hadi leo.

Makala haya yanaeleza kilichotokea ubaoni siku ile, ufunguzi uliotumika, na sababu za wapenzi wa mchezo huu kuendelea kulirudia pambano hilo hatua kwa hatua.

Mchezo wenye jina la safari ndefu

Sataranji, ambayo wengi mijini huiita chesi, ina asili yake Bara Hindi, ambako iliitwa chaturanga, yaani jeshi lenye idara nne: tembo, magari ya vita, farasi na askari wa miguu. Kutoka huko ilipita Uajemi, ikaingia kwa Waarabu kwa jina la shatranji, na kwa njia hiyo hiyo neno likafika katika lugha ya Kiswahili.

Kila mchezaji ana kete 16 juu ya ubao wenye miraba 64: mfalme, malkia, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili na askari wanane. Mfalme ndiye mwenye thamani isiyopimika, kwani akitishiwa na kukosa pa kukimbilia mchezo umekwisha. Kwa kete nyingine, walimu wa mchezo huu hutumia kipimo rahisi: askari ana thamani ya pointi moja, farasi na askofu tatu kila mmoja, ngome tano na malkia tisa.

Ni kwa sababu ya kipimo hicho mchezaji anayeanza hufundishwa kumlinda malkia wake kama mboni ya jicho. Na ni kwa sababu hiyo hiyo pambano la Byrne na Fischer liliwashangaza watu, maana mvulana yule alimwacha malkia wake aliwe kwa makusudi.

Mashindano ya Rosenwald

Mashindano yalipewa jina la mfadhili Lessing Rosenwald na yaliwakutanisha wachezaji 12 wa Marekani. Samuel Reshevsky, aliyekuwa miongoni mwa wachezaji wenye nguvu zaidi duniani wakati huo, ndiye aliyeshinda.

Fischer alizaliwa Chicago Machi 9, 1943, akakulia Brooklyn, New York, na alijifunza sataranji akiwa na umri wa miaka sita. Katikati ya mwaka 1956 alikuwa ametwaa ubingwa wa vijana wa Marekani, lakini kuketi na watu wazima wa kiwango cha juu lilikuwa jambo jingine. Matokeo yake katika mashindano hayo yalikuwa ya kawaida: pointi 4.5 katika mapambano 11. Umaarufu wake haukutokana na jedwali la pointi bali na pambano moja.

Donald Byrne naye hakuwa mtu wa kubezwa. Yeye na kaka yake, Robert Byrne, walikuwa miongoni mwa wachezaji bora nchini mwao. Baadaye Donald alifundisha fasihi ya Kiingereza chuo kikuu, hadi alipofariki dunia mwaka 1976.

Ufunguzi: Ulinzi wa Grünfeld

Hatua za mwanzo za mchezo, ambamo kila upande hupanga jeshi lake, huitwa ufunguzi. Wachezaji wa mashindano huzisoma kwa miaka mingi, na kila mpangilio maarufu una jina lake. Ule uliochezwa siku hiyo unaitwa Ulinzi wa Grünfeld, kwa heshima ya Ernst Grünfeld wa Vienna, aliyeishi kati ya 1893 na 1962. Mwaka 1922, akicheza mjini kwao, aliutumia kumshinda Alexander Alekhine, ambaye miaka mitano baadaye alikuwa bingwa wa dunia.

Hata hivyo, Grünfeld hakuwa mtu wa kwanza kuzipanga kete namna hiyo. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba mwaka 1855, mjini Calcutta, mchezaji wa Kihindi Moheschunder Bannerjee aliutumia mpangilio huo dhidi ya John Cochrane. Ulimwengu wa Ulaya ulihitaji miaka zaidi ya sitini kuutambua uzuri wa wazo hilo.

Wazo lenyewe linaenda kinyume na mafunzo ya awali. Mchezaji hufundishwa kuziteka kwa askari wake sehemu za katikati ya ubao, kwa kuwa anayeishika katikati hupata nafasi ya kupitisha kete zake. Katika Ulinzi wa Grünfeld, mweusi humwachia mweupe ajenge ukuta mkubwa wa askari katikati, kisha huushambulia kutoka pembeni. Silaha yake kuu ni askofu anayekaa mraba wa g7, ambaye macho yake yanaupitia ubao kwa mshazari hadi upande wa pili. Ukuta ukisimama imara, mweusi hubanwa na kukosa pumzi. Ukipata ufa, askofu yule huwa kama mkuki uliofutwa alani.

Mweupe ana njia kadhaa za kujibu. Ya kawaida ni kubadilishana askari katikati na kujenga ukuta huo mara moja. Nyingine, inayoitwa Mfumo wa Kirusi, ni kumtoa malkia mapema hadi b3 ili amshinikize askari wa mweusi aliye d5. Faida yake ni kwamba mweupe huitwaa katikati bila kuharibu safu ya askari wake. Hatari yake ni kwamba malkia aliyetoka mapema hugeuka shabaha, na kila anapokimbia mpinzani hupata hatua ya bure.

Byrne alichagua njia hiyo. Pambano halikuanza kwa mfuatano wa kawaida, kwani alianza kwa kumtoa farasi, na askari wa mweusi alifika d5 katika hatua ya tano tu. Hilo ni funzo la kwanza kwa anayejifunza: ufunguzi hutambulika kwa umbo la ubao, na mfuatano wa hatua unaweza kutofautiana.

Kosa la hatua ya 11

Baada ya hatua kumi, mweupe alionekana kuwa na kila kitu. Askari wake walisimama d4 na e4, malkia alikuwa c5 na ngome yake d1. Kasoro ilikuwa moja: mfalme wake alikuwa bado e1, katikati ya ubao, na askofu wa upande huo hajatoka. Fischer kwa upande wake alikwisha kumhifadhi mfalme wake tangu hatua ya nne.

Busara ilimtaka Byrne amtoe askofu wa f1 hadi e2 na kujiandaa kumhifadhi mfalme. Badala yake alimsogeza kwa mara ya pili askofu aliyekwisha kutoka, kutoka f4 hadi g5. Hatua moja ilipotea, na katika Ulinzi wa Grünfeld hatua moja ni mali.

Jibu la Fischer lilikuwa la kushtua. Alimpeleka farasi wake a4, pembeni kabisa mwa ubao, mahali ambapo farasi wa mweupe angeweza kumla bila gharama. Lakini kama Byrne angemla, farasi mwingine wa mweusi angemla askari wa e4 na papo hapo kuwatishia malkia na askofu kwa mpigo. Mfalme akiwa wazi pale e1, mweusi angerejeshewa alichotoa na zaidi.

Byrne aliiona hatari hiyo, akamrudisha malkia hadi a3. Kilichofuata kilikuwa ni kuufungua ubao kwa nguvu. Fischer alibadilishana farasi, akamla askari wa e4, akamwacha Byrne ale wa e7, kisha akamsogeza malkia wake b6. Mweupe angeweza kuila ngome ya f8, lakini hakuthubutu, kwa kuwa njia zote za kuelekea kwa mfalme wake zilikuwa zinafunguka.

Hatua ya 17

Katika hatua ya 16 Byrne alimrudisha askofu wake c5, akizuia kwa mshazari na papo hapo akimtishia malkia wa Fischer. Ngome ya mweusi ikamtishia mfalme kutoka e8, mfalme akasogea f1. Kila mtu ukumbini angetarajia kwamba sasa mvulana angemwokoa malkia wake.

Fischer hakumgusa. Alimsogeza askofu wake kutoka g4 hadi e6, akimwacha malkia aliwe.

Hesabu iliyokuwa nyuma ya hatua hiyo inaweza kuelezwa kwa njia tatu zilizokuwa mbele ya Byrne. Ya kwanza ilikuwa kumla askofu wa e6. Hapo malkia wa mweusi angeshuka b5 kumtishia mfalme, farasi angeingia e2 na kisha g3, na hatimaye malkia mwenyewe angejitoa kafara katika mraba wa f1. Ngome ya mweupe ingelazimika kumla, na farasi angerudi e2 na kummaliza mfalme aliyezibwa na kete zake mwenyewe.

Ya pili ilikuwa kumla farasi wa c3 kwa malkia. Hapo malkia wa Fischer angemla askofu wa c5, kete kubwa zingebadilishwa, na mweusi angebaki na askari wa ziada na mfalme salama.

Ya tatu ilikuwa kumla malkia. Byrne aliichagua hiyo, na ndipo ikaonekana kwamba malkia yule alikuwa chambo.

Farasi asiyetulia

Askofu wa Fischer alimla askofu wa c4 na kumtishia mfalme. Kuanzia hapo mfalme wa mweupe hakuwa na hiari. Alikwenda g1, farasi akamtishia kutoka e2. Akarudi f1, farasi akaondoka na kuufungua mshazari wa askofu, huku akimla askari wa d4. Mfalme akaenda g1, farasi akarudi e2. Mfalme akaja f1, farasi akaondoka tena, safari hii hadi c3, kwa tishio jingine la askofu.

Mbinu hiyo, ambamo kete moja huenda na kurudi ikila huku nyingine ikimtishia mfalme kwa nyuma, ni miongoni mwa silaha kali kabisa katika sataranji. Anayeshambuliwa hana muda wa kuokoa chochote, kwa sababu kila zamu yake inatumika kumwondoa mfalme hatarini.

Vumbi lilipotulia, Fischer alikuwa ametoa malkia wake na kupata ngome moja, maaskofu wawili na askari. Kwa kipimo cha pointi, alitoa tisa na kupata zaidi ya kumi na moja. Zaidi ya hapo, kete zake zilishirikiana na kulindana, ilhali malkia wa Byrne alikuwa peke yake kama kamanda asiye na jeshi.

Wachezaji wa kiwango hicho kwa kawaida hukubali kushindwa mapema. Inasimuliwa kwamba Byrne aliamua kuendelea hadi mwisho ili kumpa mvulana yule heshima ya kulikamilisha pambano ubaoni. Katika hatua ya 41 ngome ya Fischer iliingia c2 na mfalme akakosa pa kwenda. Malkia wa mweupe alikuwa b8, mzima wa afya, mbali na mahali alipohitajika.

Je, jina hilo linastahili?

Wapo wanaoona kwamba jina "Pambano la Karne" lilitolewa mapema mno. Karne ilikuwa bado na miaka 44 mbele yake, na mapambano yenye uzito mkubwa zaidi, ya kuwania ubingwa wa dunia, yalichezwa baadaye. Fischer mwenyewe hakulijumuisha pambano hilo katika kitabu chake kuhusu mapambano 60 ya kukumbukwa, kilichotolewa mwaka 1969. Kitabu hicho kinaanza na pambano la mwaka 1957.

Hoja ya upande wa pili ina nguvu pia. Kompyuta za leo, ambazo hufichua makosa hata ya mabingwa, zimeukubali uamuzi wa hatua ya 17 kuwa sahihi. Mvulana hakubahatisha. Katika sataranji kafara nyingi maarufu hufaulu kwa sababu tu mpinzani alishikwa na hofu, lakini hii ilisimama kwa hesabu.

Pengine kinacholifanya pambano hili lidumu ni kwamba funzo lake linaeleweka hata na mchezaji wa kawaida. Thamani ya kete haikai katika kete yenyewe, inategemea mahali ilipo na kazi inayofanya. Malkia aliyetengwa anaweza kushindwa na kete ndogo zinazosaidiana, kwani umoja ni nguvu.

Yaliyofuata kwa Fischer

Mwanzoni mwa mwaka 1958, akiwa na umri wa miaka 14, Fischer alikuwa bingwa wa Marekani, na mwaka huo huo akapata cheo cha juu kabisa cha mchezo huo akiwa na miaka 15. Katika mashindano ya ubingwa wa nchi yake ya 1963 na 1964 alishinda mapambano yote 11, likiwamo moja maarufu dhidi ya Robert Byrne, kaka yake Donald. Katika pambano hilo pia alikuwa na kete nyeusi na alitumia ulinzi wa ukoo mmoja na wa Grünfeld.

Mwaka 1972, mjini Reykjavik, Iceland, alimshinda Boris Spassky wa Urusi ya Kisovieti kwa pointi 12.5 kwa 8.5 na kuwa bingwa wa dunia. Mwaka 1975 alipoteza taji hilo bila kucheza, baada ya kutokubaliana kuhusu masharti ya pambano na Anatoly Karpov.

Miaka yake ya mwisho haikuwa ya fahari. Alirudiana na Spassky nchini Yugoslavia mwaka 1992 kinyume cha vikwazo vya serikali ya Marekani, akaishi uhamishoni, na akatoa kauli za chuki zilizowasononesha hata waliompenda. Mwaka 2004 alikamatwa nchini Japan, mwaka 2005 Iceland ikampa uraia, na Januari 17, 2008 alifariki dunia mjini Reykjavik akiwa na umri wa miaka 64. Waandishi wengi wa historia ya sataranji hutenganisha mambo hayo mawili: kipaji kilichoonekana ubaoni, na maisha yaliyoharibika nje yake.

Yaliyofuata kwa Ulinzi wa Grünfeld

Ufunguzi huo haukuishia mwaka 1956. Mwaka 1962, katika Olimpiadi ya sataranji mjini Varna, Bulgaria, Fischer aliutumia dhidi ya bingwa wa dunia wa wakati huo, Mikhail Botvinnik, ambaye naye alijibu kwa Mfumo wa Kirusi. Botvinnik alijikuta matatani na alinusurika kwa sare.

Garry Kasparov aliutumia katika mapambano yake ya ubingwa dhidi ya Karpov miaka ya 1980. Boris Gelfand aliutumia alipokutana na Viswanathan Anand mwaka 2012, na Anand mwenyewe akautumia dhidi ya Magnus Carlsen mwaka 2014.

Hata hivyo, ni ufunguzi unaodai maandalizi. Mweusi anayeutumia bila kujua lini aushambulie ukuta wa katikati huishia kukandamizwa. Wakufunzi wengi huwashauri wanafunzi waanze na ulinzi rahisi zaidi, kisha waje Grünfeld wakishazoea kuhesabu.

Hatua zote za pambano

Kwa msomaji mwenye ubao, hizi hapa hatua zote. Herufi na namba ya kwanza ni mraba ambao kete inatoka, ya pili ni inakokwenda. Nguzo za ubao huitwa a hadi h kutoka kushoto kwa mweupe, na safu 1 hadi 8 kuanzia upande wake. Mweupe hutangulia katika kila namba.

1. g1-f3, g8-f6. 2. c2-c4, g7-g6. 3. b1-c3, f8-g7. 4. d2-d4, mfalme e8-g8 na ngome h8-f8. 5. c1-f4, d7-d5. 6. d1-b3, d5-c4. 7. b3-c4, c7-c6. 8. e2-e4, b8-d7. 9. a1-d1, d7-b6. 10. c4-c5, c8-g4. 11. f4-g5, b6-a4. 12. c5-a3, a4-c3. 13. b2-c3, f6-e4. 14. g5-e7, d8-b6. 15. f1-c4, e4-c3. 16. e7-c5, f8-e8. 17. e1-f1, g4-e6. 18. c5-b6, e6-c4. 19. f1-g1, c3-e2. 20. g1-f1, e2-d4. 21. f1-g1, d4-e2. 22. g1-f1, e2-c3. 23. f1-g1, a7-b6. 24. a3-b4, a8-a4. 25. b4-b6, c3-d1. 26. h2-h3, a4-a2. 27. g1-h2, d1-f2. 28. h1-e1, e8-e1. 29. b6-d8, g7-f8. 30. f3-e1, c4-d5. 31. e1-f3, f2-e4. 32. d8-b8, b7-b5. 33. h3-h4, h7-h5. 34. f3-e5, g8-g7. 35. h2-g1, f8-c5. 36. g1-f1, e4-g3. 37. f1-e1, c5-b4. 38. e1-d1, d5-b3. 39. d1-c1, g3-e2. 40. c1-b1, e2-c3. 41. b1-c1, a2-c2, na mfalme wa mweupe amefungwa.